Padeli, kiti, mashine ya umeme au kunyooshwa miguu: kipi kinasaidia mishipa ya damu ukishaumia uti wa mgongo

Wiki iliyopita kuna mama mmoja wa Tandika alinipigia, kijana wake ana miaka 24, alianguka na bodaboda mwaka jana, akaumia uti wa mgongo T8, yani pingili ya 8 ya kifuani (T ni za kifua, C ni za shingo, namba ikiwa ndogo ndo juu zaidi), miguu haifanyi kazi. Ndugu wamechanga, pesa ipo mkononi, na mtu kamwambia anunue ile mashine ya mota ambayo unafunga miguu inazungushwa yenyewe, eti inasukuma damu. Akaniuliza, mwanangu, ninunue hiyo au kuna kingine? Nikamwambia mama nipe siku mbili. Nikaona bora niandike kila kitu hapa maana swali hili nishaulizwa sana na wengi wanakuja kuuliza pesa ikiwa ishaondoka.

Mimi nilikuwa fundi wa kupaua, nikadondoka 2015, T10. Mikono mizima kabisa, kuanzia kitovuni kushuka hamna kitu. Miaka miwili ya kwanza nilichokuwa nakiogopa ni kidonda cha makalio na mkojo, basi. Mishipa ya damu sikuwahi kuiwaza hata siku moja mpaka nilipopimwa nikaambiwa mafuta mazuri kwenye damu, yale wanayoita HDL, yapo chini sana, alafu na miguu ilikuwa ya baridi mda wote hata kwenye joto la Januari. Ndo nikaanza kuuliza kila mtu wa fizio ninayekutana naye, na kusoma.

Ngoja nieleze kwanza mishipa inakuwaje maana bila hapo tutalinganisha kwa kubahatisha. Ule mshipa mkubwa wa paja unaopeleka damu mguuni haukai saizi moja maisha yote. Msuli ukifanya kazi unaita damu, damu ikipita kwa kasi inasugua ukuta wa ndani wa mshipa, na ukuta ukisuguliwa unatoa gesi inaitwa naitriki oksaidi, hiyo ndo inaulegeza mshipa unapanuka. Sasa msuli ukinyamaza hamna anayeita damu, mwili nao unapunguza bomba. Kwa mtu aliyepooza miguu mshipa wa paja unapungua upana kama theluthi moja hivi, na kinachouma ni kwamba haichukui miaka, ni wiki chache za mwanzo, kufika wiki ya 6 sehemu kubwa ishapungua, yani bado uko wodini unageuzwa ubavu kwa ubavu na ndugu wanakuletea uji, kumbe huko ndani bomba linasinyaa. Mishipa ya mikono ya mtu kama mimi inabaki kama ya mtu mwingine tu maana mikono ndo inafanya kila kitu.

Habari nzuri ni kwamba mshipa uliosinyaa haujafa. Uwezo wake wa kulegea na kupanuka damu ikija kwa kasi bado upo, kwaiyo ukipata cha kuuamsha unaamka. Hapo ndo penye uzito wa swali la yule mama: kipi kinauamsha na kipi kinaupita tu?

Alafu kuna jambo la pili, la neva. Mishipa inabanwa na kulegezwa kwa amri inayoshuka kupitia uti wa mgongo. Amri ikikatika, damu inakaa chini miguuni, ukikaa ghafla asubuhi unaona kizunguzungu, macho giza. Kadri ulivyoumia juu zaidi ndivyo hili linavyokuwa kubwa, wa shingo wanalijua vizuri sana. Na la tatu ni tumbo: unakula ulichokuwa unakula zamani lakini misuli ya miguu iliyokuwa inachoma chakula imeisha, mafuta yanajaa tumboni, sukari inaanza kusumbua. Magonjwa ya moyo na mishipa ni kati ya yanayoua zaidi wenzetu walioishi miaka mingi baada ya kuumia. Sisemi hivi kumtisha mtu. Nasema kwasababu wodini tunafundishwa kujigeuza na kutoa mkojo, na ni sahihi kabisa, ila hili la mishipa mara nyingi hakuna anayelitaja mtu akiruhusiwa kurudi nyumbani.

Haya tuanze na hiyo mashine ya mota na kunyooshwa miguu kwa mikono ya mtu, naviweka pamoja maana ni kitu kimoja, mguu unasogezwa lakini msuli wenyewe haufanyi kazi. Watafiti wa Uholanzi waliwahi kuwapima watu waliopooza miguu wakati miguu inanyooshwa na kuzungushwa na mwingine, wakaangalia damu inayopita kwenye mshipa wa paja, na haikuongezeka. Ukifikiria unaona sababu, msuli haujaomba oksijeni, damu iende kufanya nini? Kwaiyo mtu akikwambia mashine ya mota inasukuma damu na kupanua mishipa, usimkubalie. Nimekuwa mkali hapa kwasababu mashine yenyewe sio ya bei ndogo na nawajua watu wawili wameuza vitu vya ndani wakanunua.

Ila usiache kunyoosha! Kunyoosha ni kwa ajili ya viungo visikaze, kisigino kisijikunje, miguu isikakamae sana, na hilo unalipata bure kwa mke, mdogo wako, jirani, dakika chache asubuhi na jioni. Sema tu usilihesabu kama zoezi la mishipa. Na kuna hatari moja lazima niiseme kwa herufi kubwa kabisa: KAMA MGUU MMOJA UMEVIMBA GHAFLA KULIKO MWENZIE, una joto au rangi imebadilika, USIUCHUE. Usipake dawa ya kuchua, usimwite mtu wa masaji, usiunyooshe. Inaweza kuwa damu imeganda kwenye vena, ule mshipa unaorudisha damu kwenye moyo, na bonge likichomoka linakwenda kwenye mapafu, mtu anaanza kuhema kwa shida au kifua kinauma na anaweza kufa hapohapo. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Miezi 3 ya kwanza baada ya kuumia ndo kipindi kibaya zaidi, ndo maana wodini unachomwa sindano za kuzuia damu kuganda na wengine wanaendelea nazo wiki kadhaa, usiziache mwenyewe kisa umechoka kuchomwa. Sisi hatusikii maumivu ya mguu, kwaiyo macho ndo yanafanya kazi ya maumivu, angalia miguu yote miwili kila siku ukivaa.

Fremu ya kusimamia nitaipita haraka. Inasaidia mwili kuzoea kuwa wima, kwa wenye kizunguzungu inasaidia, wengine wanasema na choo kinakwenda vizuri. Kwa kupanua mshipa wa mguu sio chaguo langu la kwanza. Na kama umekaa miaka bila kusimama mifupa ya miguu imepungua ugumu, usijisimamishe mwenyewe kwa kushika nondo za dirisha kama nilivyoona jamaa mmoja anafanya, mfupa wa paja unavunjika na husikii.

Sasa mikono. Hapa ndo wengi tupo na hapa ndo pana mengi ya kuchagua.

Cha kwanza ni kusukuma kiti chenyewe. Wengi wanadhani kwa vile nasukuma kiti siku nzima basi nimeshafanya mazoezi. Hapana. Kusukuma kutoka kitandani kwenda uani kwenda choo ni kidogo sana, moyo haushtuki. Mwaka 2018 wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa mwongozo wa mazoezi kwa watu wazima wenye majeraha ya uti wa mgongo: ili upate pumzi na nguvu, angalau dakika 20 za zoezi la kukupandisha pumzi mara 2 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu seti 3 kwa kila msuli mkubwa unaofanya kazi, mara 2 kwa wiki. Ukitaka faida ya moyo, mishipa na sukari ni dakika 30 mara 3 kwa wiki. Ni dakika 90 tu kwa wiki nzima, lakini ziwe za kuhema. Kipimo rahisi, unaweza kuongea ila huwezi kuimba. Kama unaimba taarabu beti zima bila kukata, ongeza kasi.

Tatizo la kusukuma kiti kwa dakika 30 hapa Dar mnalijua, ni wapi? Mitaa yetu ya Temeke na Mbagala ni mchanga, mitaro haijafunikwa, bodaboda zinapita kwenye kijia cha watembea kwa miguu. Mimi nilikuwa naomba lifti ya bajaji ya rafiki mpaka daraja la Tanzanite alfajiri, pale pembeni kuna njia ya watembea kwa miguu, upepo wa bahari, kama kilomita moja kwenda, ukienda na kurudi na kwenda tena dakika 30 zimeisha. Raha sana kiukweli, yani ile siku ya kwanza nililia. Lakini kila wiki mara 3 kutoka Temeke? Nilidumu miezi miwili nikashindwa nauli na mda. Ukiishi karibu na sehemu yenye lami nzuri, viwanja vya chuo kikuu, barabara za ndani za Msasani au Oysterbay, basi kiti chako ni mashine tosha na huna haja ya kununua chochote.

Tatizo la pili ni mabega. Bega la mtu halikuumbwa kubeba kazi ya mguu. Ukisukuma vipande vifupi vifupi vya haraka unalimaliza, sukuma ndefu na taratibu, mkono ukirudi nyuma uache ushuke chini ya ringi usiupandishe juu. Jaza upepo matairi, tairi laini inakuchosha mara mbili bila faida. Na bega likishaharibika umepoteza yote, zoezi, kuhama kitandani, kwenda chooni, kila kitu. Kwaiyo bega nalihesabu kwenye gharama kama pesa.

Cha pili, ile baiskeli ya magurudumu matatu ya kunyonga kwa mikono, ambayo wazee wetu wanaoomba na wanaofanya biashara ndogondogo wamekuwa wakiitumia miaka yote. Nikilinganisha na kiti, hii naipa alama nyingi. Kunyonga kunatumia nguvu vizuri zaidi kuliko kusukuma ringi, mzigo wa bega ni mdogo, unakwenda mbali, unapandisha pumzi bila kujua, na ni usafiri, unakwenda sokoni unarudi zoezi limeshafanyika. Watu wanaionea aibu wanaona ni ya kimaskini na wanataka kiti cha kung'aa. Mimi naona ni moja ya mashine bora za moyo tulizonazo mjini. Ubaya wake ipo mingi breki hovyo, haiingii mlangoni, lazima uwe na kiti kingine cha ndani, kuhama kutoka hiki kwenda kile kunataka mtu au mikono imara, na siti nyingi ni mbao au sponji iliyokufa, hapo kidonda kinakuja mbio. Weka mto wako wa kiti juu yake. Na magari, jamani. Barabara ya Kilwa saa kumi na moja jioni usijaribu.

Cha tatu ni padeli za mezani. Kile kidubwasha chenye padeli mbili ambacho kinauzwa watu wazungushe miguu wakiwa wamekaa kwenye kochi, ukikiweka juu ya meza na kukifunga vizuri kinakuwa cha mikono. Mimi nilitengeneza changu kwa fundi wa kuchomelea kwa kutumia krenki ya baiskeli kuukuu na kifaa cha kubana cha kukaza padeli iwe nzito. Ndo ninachokitumia mpaka leo. Hakina mandhari, hakina upepo wa bahari, lakini kipo chumbani, mvua ya masika ikinyesha kipo, umeme ukikatika kipo, sina nauli kipo. Na nikilinganisha yote matatu, cha mezani ndo pekee nilichoweza kukifanya mara 3 kwa wiki mwaka hadi mwaka. Unaweza pia kuzungusha kinyumenyume dakika kadhaa, inatumia misuli ya nyuma ya bega ambayo kusukuma kiti hakuigusi, mabega yangu yalipona maumivu kwa hilo pamoja na kuvuta tyubu la baiskeli lililofungwa kwenye nguzo.

Lakini niwe mkweli kuhusu mikono, maana kichwa cha habari ni mishipa. Mazoezi ya mikono yanajenga pumzi, yanasaidia sukari, yanaimarisha moyo na mishipa ya sehemu inayofanya kazi. Kwa mshipa wa paja uliosinyaa, ushahidi kwamba zoezi la mikono peke yake linaupanua ni dhaifu. Mshipa unasikiliza msuli wake wenyewe. Ukitaka bomba la mguuni lipanuke, msuli wa mguu lazima ukaze, hata kama sio wewe uliyeuamrisha.

Ndo tunafika kwenye umeme. Ukienda kuuliza hospitali sema FES, watakuelewa. Unabandikwa vipande vya kunata kwenye paja la mbele, paja la nyuma na makalio, mashine inatuma umeme mdogo kwa mpangilio, misuli inakaza yenyewe, na kwenye zile mashine kamili miguu yako mwenyewe ndo inazungusha padeli. Tofauti na ile ya mota ni kama usiku na mchana, huku msuli unakula oksijeni kweli, unaita damu. Na vipimo vimeonyesha, baada ya wiki kama 6 za mazoezi ya namna hii mshipa wa paja unapanuka na damu inayopita inaongezeka, na mabadiliko ya damu yanaanza kuonekana hata ndani ya wiki 2. Nilivyosoma hilo mara ya kwanza niliita mke wangu aje asome na yeye.

Sasa ubaya. Ukiacha, wiki moja tu na mengi yanaanza kurudi nyuma. Kwaiyo kwenda kufanyiwa mara 5 kama ofa alafu basi, kwa mishipa ni bure, labda uwe na uhakika wa kuendelea. Mashine kamili ya baiskeli ya umeme ni ghali mno, familia ya kawaida haiwezi, ni kitu cha kituo. Zipo ndogo za njia mbili au nne (kila njia ni jozi moja ya vile vipande vya kunata) za kukazisha paja ukiwa umekaa, hizo zinafikika zaidi na sio mbaya, msuli ni uleule wa paja. Ila angalia sana unaponunua, vile vimashine vidogo vya kutuliza maumivu vinavyoitwa TENS vinauzwa kwa wingi na wauzaji wanakwambia ni kitu kimoja. Sio kimoja. TENS inachezea neva za maumivu, haijatengenezwa kukazisha msuli wa paja mpaka ufanye kazi ya maana.

Na jambo ambalo muuzaji hatokwambia, umeme haufanyi kazi kwa kila mtu. Unapita kwenye neva zinazotoka kwenye uti kwenda kwenye msuli, hizo zikiwa nzima msuli unakaza. Mtu ambaye miguu yake inarukaruka na kukakamaa, hiyo kero ndo ishara nzuri hapa, neva za chini zipo. Mtu ambaye miguu ni laini kabisa imelegea, hairuki hata ukiigonga, mara nyingi aliyeumia chini kwenye kiuno pale uti unapoishia, neva zenyewe zimeharibika na mashine ya kawaida haitomkaza. Kwaiyo kabla hujatoa hata shilingi, mtu wa fizio akujaribu na mashine ya kwao dakika tano, paja likikaza sawa, lisipokaza okoa pesa yako. Mwenye mashine ya moyo kifuani asiguse, mjamzito asiguse, mwenye mguu ulioganda damu asiguse, mwenye mifupa dhaifu sana au aliyewahi kuvunjika mguu baada ya kupooza aongee na daktari kwanza. Na ngozi inaungua bila kusikia, angalia pale palipobandikwa kila ukimaliza.

Baharini niseme kidogo maana kuna mtu atauliza. Kuogelea kwa mikono ni zuri, Coco Beach Jumapili ukipata watu wawili wa kukubeba ni furaha tupu. Ila mawe na magamba yanachana miguu na husikii, na bila watu huendi. Mimi naiweka kwenye raha, zoezi la kutegemea naliweka kwingine.

Sasa nije kwa walioumia shingo na juu ya kifua, kuanzia T6 kwenda juu, kwasababu kwenu ulinganisho wote niliofanya hapo juu unabadilika. Nina rafiki C6, tulilazwa wodi moja. Tukifanya zoezi pamoja mapigo yangu yanafika 160, yake yanagoma kwenye 110 mpaka 130 hata ajikaze vipi, sio mvivu, ni amri ya kuongeza mapigo ndo haifiki kwenye moyo. Kwaiyo kwenu msitumie saa ya mapigo, tumieni kuhema na kuchoka. Presha yake, ile namba ya juu, ni 95, hiyo kwake ni kawaida, wengi wenu mpo 90 mpaka 110. Ndo maana ni muhimu mjue namba yenu na muiandike mahali, maana siku ikisoma 140 nesi ambaye hajui ataona iko sawa tu kumbe kwako imepanda zaidi ya 40 na ni dharura.

Dharura yenyewe inakuwa hivi, kitu kinakera chini ambacho huwezi kukisikia, kibofu kimejaa, mpira wa mkojo umejikunja, choo kimekaza, kidonda, kidole kimebanwa kwenye kiatu, hata umeme wa FES wenyewe, mishipa ya chini inajibana yote kwa pamoja na presha inalipuka. Kichwa kinagonga, uso unakuwa mwekundu au wa moto, jasho usoni, vinyweleo vinasimama. USIMLAZE. Watu wetu wanamlaza mtu na kumpepea, hapo presha inapanda zaidi. Mkalishe wima, miguu ishuke, legeza mkanda na nguo, angalia mpira wa mkojo, toa mkojo, tafuta kinachokera. Isiposhuka ni hospitali bila kusubiri, kiharusi kinatokea hivyo. Kwaiyo kabla ya zoezi lolote kibofu kiwe tupu. Na mtu wa kundi hili FES aanze kituoni, presha ikipimwa kila baada ya dakika chache, asianze chumbani peke yake hata kidogo.

Na joto. Chini ya pale ulipoumia hutoki jasho, wa shingo hatoki karibu mwili mzima. Dar ya Desemba mpaka Machi nyuzi 32 na unyevu ule, jua la saa nne kwenye daraja linaweza kukuangusha. Alfajiri au jioni, chupa ya kunyunyizia maji usoni na mikononi, kitambaa kilicholowa shingoni, feni. Hapa tena padeli za mezani mbele ya feni zinashinda kiti. Kama vidole havishiki, mkono unafungwa kwenye padeli kwa bendeji ya kuvutika, sio kwa kukaza sana, na unaangalia ngozi.

Chochote utakachochagua jipime kwanza, maana mshipa huuoni. Presha ukiwa umekaa na ukiwa umelala. Kiuno, kwetu sisi kikifika sm 94 ni kengele, usisubiri ile 102 wanayoambiwa wanaume wengine. Kile kipimo cha uzito kwa urefu, BMI, kwetu 22 ishaanza kuwa kubwa, maana misuli imepungua na mafuta yamechukua nafasi, unaonekana mwembamba kumbe ndani umejaa. Mafuta kwenye damu na sukari mara moja kwa mwaka, ukiwa kliniki omba, usisubiri upewe. Muombe pia daktari aguse mapigo ya juu ya unyayo, mtu wa kawaida mshipa ukiziba anaumwa mguu akitembea, sisi hatutembei na hatusikii, tunakuja kushtukia kidonda cha kidole hakiponi. Soksi za kubana zinasaidia damu isikae chini, ila kama mapigo ya unyayo hayapatikani vizuri usizivae kabla hujaulizia. Na sigara, ndugu yangu kama unavuta, hamna padeli itakayokufidia.

Kwaiyo ningechagua hivi. Mtu wa T7 kushuka mwenye mikono mizima na pesa kidogo, padeli za mezani na tyubu, basi, na kama mtaa unaruhusu, baiskeli ya kunyonga. Mwenye lami nzuri karibu, kiti chake. Akipata pesa zaidi na miguu yake inarukaruka, ajaribiwe FES, ikikaza anunue ile ndogo ya paja na aifanye pamoja na padeli, mikono kwa ajili ya moyo na umeme kwa ajili ya mishipa ya miguu, hivyo viwili pamoja ndo naona vinakamilishana kuliko chochote. Mwenye miguu iliyolegea kabisa, mikono tu na asijute, na pesa iliyobaki aiweke kwenye mto mzuri wa kiti. Aliyeumia T6 kwenda juu, padeli nyumbani, umeme kituoni. Na aliye chini ya miezi mitatu, mazoezi yote kwa maelekezo ya wodi, ila aulize mapema kabisa kama wana mashine ya umeme, maana zile wiki 6 za kwanza hazirudi.

Yule mama nilimwambia hivyohivyo. Kijana wake miguu inaruka sana mpaka inamtoa shuka usiku, alikuwa anaona ni balaa, nikamwambia hiyo kwa upande huu ni bahati. Wamempeleka akajaribiwa, paja limekaza. Mashine ya mota hakununua, amenunua ndogo ya njia nne na padeli za mezani na pesa ya mto ikabaki. Jana usiku kanipigia tena, kijana anazungusha dakika 12 sasa lakini bega la kulia linamuuma. Nikamuuliza meza ina urefu gani, kumbe padeli zipo usawa wa macho. Nikamwambia mama mtafute fundi akate miguu ya meza, ekseli ya padeli isizidi usawa wa bega, ikae chini yake kidogo, na kiwiko kisinyooke kabisa padeli ikifika mbali. Fundi anakuja Jumamosi.